Nipo Njiani, Mama

Mbuzi wa jirani aliingia kwa Bi Mwanaheri asubuhi, akaanza kula majani ya maharage kama mtu aliyealikwa. Bi Mwanaheri alikuwa uani kwake, mtaa wa Murubona mjini Kasulu, anapepeta mchele. Alimwita mbuzi yule kwa jina la mwenye mbuzi, maana aliamini tabia zao ni moja, kisha akavua kandambili ya kulia akairusha. Kandambili ikamkosa mbuzi. Mguu uliobaki mtupu ukakanyaga utelezi wa mvua ya jana, na mama wa watu akaenda chini na ungo wake. Mchele ukamwagika. Mfupa wa muundi ukalia kama kuni kavu inayovunjwa gotini.

Mbuzi alimtazama, akaendelea kula.

Mwanamke mwingine angepiga kelele. Bi Mwanaheri hakupiga, kwa sababu mwenye mbuzi ndiye angekuwa wa kwanza kusikia, na furaha hiyo hakutaka kumpa. Simu ilikuwa kwenye pindo la khanga. Salio la kupiga hakuwa nalo, ila bando la meseji lilikuwepo, basi akamwandikia bintiye Firdausi aliyeko Kibondo kwamba ameanguka na mguu hauinuki. Jibu lilikuja kabla hajajifuta matope usoni: "Sawa mama, nimekuelewa. Nina wateja, tutaongea. Nakupenda."

Alilisoma mara mbili. Aliliona la baridi kidogo kwa mtu aliyevunjika, lakini Firdausi alikuwa mtu wa kazi tangu utoto. Akamwandikia mkwewe Twalibu maneno yale yale, na hapo jibu likamjia kama blanketi: "Pole sana mama. Usijali, nipo njiani inshallah."

Bi Mwanaheri alimshukuru Mungu. Akajikokota hadi penye ukuta wa jiko, akaegemea, akasubiri.

Esteri, jirani wa upande wa pili, alipita na ndoo yake akachungulia juu ya ua. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi zamani wakapewa uraia, na yeye alizaliwa hapa hapa, lakini likitokea jambo la kusikitisha Kirundi ndicho kilichomtoka kwanza. Alisema "yoo" ndefu, akataka kuingia. Bi Mwanaheri akamwambia mguu umeteguka tu, na mkwe yuko njiani kutoka Kibondo. Esteri hakuwa na sababu ya kubisha. Mkwe yule alijulikana Murubona nzima. Meseji zake zilisomwa kisimani kwa sauti, na wanawake wenye wakwe wa kawaida walikuwa wameanza kuchota maji saa nyingine ili wasizisikie. Esteri akaleta mto na kikombe cha chai, akaenda sokoni na mihogo yake.

Mchana mvua ikanyesha. Katikati ya mvua simu ikalia, na Bi Mwanaheri akaikinga kwa mkono akasoma: "Mama, umekula? Umeswali? Nimekukumbuka." Salamu ya Firdausi ya kila mchana ilifuata nyuma yake, akaiacha. Mkwe alimjibu kwamba hajala, anamsubiri yeye. Mkwe akasema: "Alhamdulillah mama. Mungu abariki."

Jibu hilo lilimpa shida kidogo. Akalitafsiri hivi na vile, mwisho akaamua kijana anaandika huku anaendesha.

Esteri aliporudi alasiri alimkuta chini ya upenu, khanga imelowa, mguu umevimba kama mtungi, na mbuzi amesimama pembeni yake wakijikinga mvua pamoja. Bi Mwanaheri alikuwa anatetemeka meno. Bado alisema barabara ile ni mbaya, mkwe atakuwa amekwama mahali. Safari hii Esteri hakumsikiliza. Alikwenda kumwita mtu mwenye mkokoteni, wakampeleka hospitali.

*

Kibondo nako kulikuwa na mvua. Simu kubwa ya Twalibu ilikuwa juu ya meza ya mkewe, dukani, inachajiwa. Mwenyewe alikuwa Kitahana na pikipiki, anabembeleza wakulima wamuuzie maharage. Vijijini alikwenda na simu ndogo ya tochi, kwa sababu mkulima akiona umeshika simu ya kupangusa naye hupangusa bei kwenda juu.

Asubuhi ile simu kubwa ilipolia na kujijibu yenyewe, ilikuwa karibu na kiwiko cha Firdausi. Aliisikia. Muda mfupi kabla yake alikuwa ameisikia ya kwake pia. Hakugeuka, kwa kuwa alikuwa na mteja.

Duka lilikuwa la kutoa kopi, kuchapa barua na kupiga picha za pasipoti. Lakini mwaka ule wa 2014, shirika moja liliendesha semina Kasulu kwa wanawake wafanyabiashara, na Firdausi alirudi nayo kichwani, tofauti na wenzake waliorudi na fulana. Alifundishwa kuhusu tovuti ambayo mtu asiyejua lolote la kompyuta aliweza kuchagua jambo moja upande wa kushoto na jambo jingine upande wa kulia, akayafunga pamoja: hili likitokea, lile lifanyike. Alipofika nyumbani alichora kibao, "TUNAUNGANISHA HUDUMA ZA MTANDAO," na mteja wa kwanza alikuwa mzee aliyetaka aunganishiwe umeme.

Hakukata tamaa. Wakala wa mabasi alimwelewa: akiandika neno moja kwenye ukurasa wake kwamba basi limeondoka Kasulu, kila mwenye mzigo anapata meseji. Muuza mbegu Sylvesta alimwelewa: utabiri wa mvua ukiingia kwenye barua pepe yake, wakulima wa Gwarama wanaupata kwa simu zao. Mwalimu wa kwaya Tharsisi akiweka zoezi kwenye kalenda, waimbaji wote walikumbushwa, na wale wa sauti ya nne wakakumbushwa mara mbili. Watu wakaviita vitu hivyo majini ya Firdausi. Sheikh mmoja alivisema kwenye hotuba ya Ijumaa. Wiki iliyofuata mke wa sheikh alipita mlango wa nyuma, akaomba jini la kumkumbusha mumewe kuleta kuni.

Kila mteja Firdausi alimwanzia na swali moja: ni kitu gani unakifanya kila siku na kinakuchosha? Alikuwa analipenda swali hilo. Watu walifikiri, wakacheka, na mara nyingi walisema jambo ambalo hawakuwa wamewahi kulisema kwa mtu.

Siku moja, kwa mzaha, akamuuliza mumewe. Twalibu akasema, "Mama yako."

Firdausi alikasirika muda wa kuchemsha chai, kisha akamtengenezea. Hakuwa mtu mbaya, Twalibu. Alimheshimu mkwewe kama inavyotakiwa, ila Bi Mwanaheri aliandika kila siku, na yeye kila siku alikuwa barabarani. Wakapanga pamoja, tena kwa kicheko. Salamu iende saa saba mchana, kwa sababu salamu ya asubuhi hata mdeni hutuma. Mama akiandika lolote, lijibiwe Alhamdulillah na baraka. Akiandika neno la ugonjwa, ajibiwe kwamba mkwe yuko njiani. Hilo Firdausi alilitilia shaka. Twalibu akamwambia ukimwambia mtu mzima uko njiani, anapona. Na kweli mara zote tatu mama alizolalamika kichwa, alijibu mwenyewe kwamba mkwe asihangaike kuja, amepata nafuu. Tena kwa Kibondo neno lenyewe halikumfunga mtu. Anayesema yuko njiani, mara nyingi ndiyo kwanza anatafuta soksi.

Wateja walipozidi, Firdausi akajitengenezea ya kwake, la kujibu na la salamu. Hakumwambia mumewe.

*

Esteri alipiga simu jioni Tharsisi akiwa bado dukani, amekuja tena kwa ajili ya sauti ya nne. Alimsalimu Firdausi "mwakeye" kwa haraka, ingawa asubuhi ilishapita, kisha akamweleza: mama yako yuko wodini, mguu umevunjika, homa imepanda kwa kulowa.

Firdausi akauliza kwa nini hakuambiwa mapema.

"Dada, yeye anasema alikuandikia asubuhi," Esteri alisema. "Na mkwe alimjibu yuko njiani. Ndiyo naulizia, yuko wapi? Nimfungulie nyumba akifika?"

Firdausi aliiangalia simu ya mumewe pale mezani. Akaivuta. Alisoma kuanzia chini kwenda juu, akafika penye hajala na anamsubiri, akafika penye kuanguka. Kisha akafungua ya kwake, akasoma "nakupenda." Tharsisi alikuwa na adabu ya kuangalia ukutani, lakini simu ya Esteri ilikuwa ya sauti kubwa, na yeye alikuwa mtu wa sikio.

"Hayupo njiani," Firdausi alisema.

Twalibu alirudi kutoka Kitahana ametapakaa tope hadi masikioni, na furaha ya maharage aliyoyapata. Mkewe alimwekea simu mbele yake, akamwacha asome amesimama. Alisoma. Akakaa juu ya mashine ya kopi, kitu ambacho hakuna aliyeruhusiwa kufanya. Akasema jini lilikuwa la Firdausi. Firdausi akasema mdomo ulikuwa wa Twalibu. Wakaendelea hivyo mpaka yeye alipoichukua simu ya mkewe kutafuta namba ya Esteri, akakuta majibu yake kwa mama.

"Na wewe?" aliuliza.

Ugomvi ukaishia hapo, kwa kukosa mtu wa kushinda.

Alfajiri walipata lifti kwenye lori la muhogo lililokuwa linakwenda Kasulu. Walibanwa mbele na dereva aliyependa kuimba. Firdausi alikuwa ameshalifuta jini la kujibu katika simu zote mbili. Njiani Twalibu akaanza kujenga uongo, kidogo kidogo, kama mtu anayejenga choo bila kibali. Pikipiki iliharibikia katikati. Hakukuwa na mtandao. Alilala porini. Tope lilikuwepo kwenye suruali kama shahidi, kwa sababu alikuwa hajabadilisha. Alimuuliza mkewe anaonaje. Firdausi, macho yako dirishani, akamwambia pikipiki isiharibike injini, iharibike tairi, maana mama anajua habari za injini tangu wakati wa marehemu baba.

Dereva aliacha kuimba ili asikie vizuri.

*

Walifika saa ya kuona wagonjwa. Wodi ya wanawake ilikuwa imejaa, na Bi Mwanaheri alikuwa kitanda cha karibu na dirisha, mguu umefungwa hogo jeupe la jasi. Homa ilikuwa imeshuka. Esteri alikuwa pembeni anamenya chungwa. Nje ya mlango, kwenye benchi, mzee mmoja mwenye kofia ya kitambaa alijisogeza kuwapisha, wakampita bila kumsalimu, wakidhani ni wa mgonjwa mwingine.

Twalibu alifungua mdomo kuanza habari ya tairi. Hakupewa nafasi.

"Huyu ndiye mkwe wangu niliyewaambia," Bi Mwanaheri aliwatangazia wagonjwa. "Tazameni tope hilo. Amelala porini kwa ajili yangu."

Wanawake wakaitazama suruali. Mmoja mwenye mkono uliofungwa alisema Mungu amlinde. Mwingine alisema yeye ana wakwe wanne na wote kwa pamoja hawafiki tope lile. Bi Mwanaheri alikwisha kumsamehe, alikwisha kumtungia safari, na hata tairi alilitaja mwenyewe. Twalibu alisimama pale na uongo wake usio na kazi tena, kama mtu aliyepeleka mchango kwenye harusi iliyokwisha. Akasema ilikuwa kazi ndogo, mama. Firdausi alishusha macho kwenye sakafu.

Hapo simu ya Bi Mwanaheri ikalia chini ya mto.

Saa saba mchana. Firdausi alikumbuka. Lile la kujibu alilifuta. La salamu hakuligusa. Bi Mwanaheri aliitoa simu, akaiweka mbali na macho kama wanavyofanya watu wa umri wake, akasoma kwa sauti, kwa mazoea ya kisimani.

"Mama, umekula? Umeswali? Nimekukumbuka."

Alimaliza na tabasamu. Kisha akamwangalia Twalibu. Mikono ya Twalibu ilikuwa imefungwa nyuma kwa heshima, yote miwili, na simu yake ilikuwa mfuko wa shati, imetulia.

Simu ikalia tena. Hii ilikuja na jina la Firdausi, na Bi Mwanaheri hakuisoma kwa sauti. Aliisoma kimya, akamwangalia bintiye, ambaye naye hakuwa ameshika kitu zaidi ya mkoba.

Esteri aliacha chungwa katikati.

"Nielezeni," Bi Mwanaheri alisema.

Firdausi alieleza. Alijaribu kueleza kama alivyowaeleza wateja, jambo la kushoto na jambo la kulia, lakini wodini maneno yale yalikuwa mabaya sana. Alisema yalianza tangu baada ya Ramadhani. Twalibu aliongeza kwamba walikusudia mema. Mwanamke wa wakwe wanne alijigeuza akatazama ukuta, akaanza kucheka taratibu mpaka kitanda kikawa kinalia.

Bi Mwanaheri hakulia wala hakutukana. Aliuliza tu, kwa sauti ya mtu anayeulizia njia: "Kwa hiyo mimi nilikuwa namjibu nani?"



"Nilikuwa nakaa kitandani natafuta maneno," aliendelea. "Naandika, nafuta, nasema hapana, hili litamkera mkwe. Kuna siku nimekesha. Yote hayo yalisomwa na nani?"

"Hayakusomwa, mama," Twalibu alisema. Ilikuwa mara ya kwanza tangu jana kusema kweli tupu, na ilimtoka kabla hajaipima.

"Hata la Mzee Kudra?"

Mume na mke walitazamana. Hawakumjua Mzee Kudra. Bi Mwanaheri alirudisha kichwa kwenye mto, akaanza kutikisika mabega, na Firdausi alidhani sasa ndiyo kilio kimefika. Hakikuwa kilio. Mama yake alikuwa anacheka, huku anashika paja la mguu mbovu kwa maumivu, na alipotulia alimwomba Esteri amwite yule aliyeko nje.

*

Mzee mwenye kofia aliingia, akasimama miguuni pa kitanda. Alikuwa fundi cherehani wa barazani karibu na msikiti, aliyefiwa na mke, mrefu, mpole. Simu yake iliharibika mwaka juzi na hakununua nyingine. Alisema kila anayemhitaji anajua anakokaa. Mkokoteni uliomleta Bi Mwanaheri hospitali ulikuwa wake wa kubebea majora ya vitambaa, na mwenye kuusukuma kwenye tope alikuwa yeye. Tangu jana hakuwa ameondoka kwenye benchi lile isipokuwa kwa swala.

Bi Mwanaheri alieleza bila haya, na wagonjwa wakapewa ruhusa ya kusikia kwa vile walikuwa wamekwisha kusikia yote. Mzee Kudra alimposa miezi miwili iliyopita. Yeye alisita. Ndugu wa kiume hakuwa na hata mmoja aliye hai, basi akaona amshauri mkwe, mwanamume pekee aliyebaki. Aliandika meseji ndefu kuliko zote alizowahi kuandika. Alisema anaona haya kwa umri wake. Alisema watu watacheka, na kwamba anaogopa Firdausi atafikiri amemsahau baba. Aliuliza: mwanangu, wasemaje?

"Ukasema Alhamdulillah, Mungu abariki," Bi Mwanaheri alimwambia Twalibu. "Papo hapo. Hukusita hata kidogo. Nikasema kama mkwe amefurahi hivi, mimi ni nani wa kukataa? Asubuhi nikampa Mzee Kudra neno langu."

Twalibu alifuta uso kwa kiganja. Firdausi ndiye aliyelipuka. Alisema hiyo si ruhusa, ni mtambo. Alisema mambo ya ndoa hayaendi hivyo, wangekaa kama familia wakalijadili. Alisema hata jina la mtu huyu hakuwahi kuambiwa.

"Niliandika kwako pia," mama yake alisema. "Ukaniambia una wateja."

Firdausi alikaa ukingoni mwa kitanda. Akalishika hogo la mguu kwa mikono miwili, akainamisha kichwa juu yake, na pale mbele ya watu wote akalia kilio kilichokuwa kinamdai tangu simu ya Esteri. Bi Mwanaheri alimwacha alie. Hakumbembeleza na hakumkataza. Mkono wake mmoja tu ulikwenda ukamtengenezea ushungi uliokuwa umemwanguka begani.

Mzee Kudra alikohoa. Alisema yeye hakuja kuvunja nyumba ya mtu. Kama neno alilopewa lilitoka kwa mashine, yupo tayari kulirudisha, na mkokoteni hauna deni.

Bi Mwanaheri alimgeukia mkwewe.

"Ulikubali ukiwa haupo," alimwambia. "Sasa upo. Sema."

Twalibu alitamani lori la muhogo limpitie hapo hapo. Alikuwa mtu wa kubembeleza wakulima. Maneno hayajawahi kumpungukia sokoni. Alimtazama mzee yule, kofia iliyoshonwa kwa mkono, viatu vilivyokauka tope la jana, tope la kweli. Akamuuliza amekula. Mzee akasema bado. Akamuuliza maradhi, watoto, na nyumba anayokaa ni ya nani, na Mzee Kudra alijibu yote taratibu bila kukasirika. Twalibu alipoishiwa maswali alinyoosha mkono.

"Mimi sikukukaribisha," alisema. "Hata salamu sikukupa pale mlangoni. Nisamehe, mzee wangu. Kama mama ameridhika, mimi nimeridhika, na leo nimesema mwenyewe."

Mwanamke wa mkono uliofungwa alijaribu kupiga kigelegele, muuguzi akaja kuwafukuza wote.

*

Ndoa ilifungwa mwezi uliofuata, hogo likiwa bado mguuni. Sheikh wa mtaa alisimama kama walii. Bi Mwanaheri aliketi mkekani na mguu umenyooshwa mbele kama mzinga, akawataka wageni wapite upande mwingine. Twalibu alifika siku mbili kabla, kwa basi, akachinja, akabeba viti, akamtafuta na yule mwenye mbuzi akazungumza naye kuhusu ua. Murubona walimpokea kwa heshima iliyozidi kidogo. Kila alipoagizwa kitu, wanawake wa kisimani walimuuliza kwa upole kama yuko njiani, na yeye alijifunza kuitikia.

Firdausi alirudi dukani kwake. Alifikiria kukishusha kibao, akakiacha. Majini ya basi na mvua na kwaya hayakuwa yamemkosea mtu. Angeyazima, wakulima wa Gwarama wangelowa bure. Aliwaita tu wale ambao simu zao zilijibu watu kwa niaba yao, akawaeleza yaliyompata, na kila mmoja alipoondoka alikuwa ameondolewa jini hilo. Alibaki Tharsisi. Yeye alikuwa na moja la kumjibu kaka yake wa Dar es Salaam, na alikataa katakata. Alisema kaka naye analo, haya mawili yamesalimiana vizuri miezi yote hii bila ugomvi, na huko nyuma walikuwa hawamalizi wiki. Firdausi akamwachia.

Kwa mama yake alianza kupiga simu, sauti kwa sauti, kila siku akitoka kula. Siku za mwanzo Bi Mwanaheri alipokea haraka na kumweleza kila kitu: mguu, hogo lilivyotolewa, bei za khanga, jinsi Mzee Kudra anavyokoroma kwa adabu. Wakazungumza hata habari za marehemu baba, ambazo hawakuwahi kuzigusa. Firdausi akawa anausubiri muda ule. Alifunga mlango, akaacha mashine ya kopi ipoe, akavuta kiti.

Ilikuwa Februari, mvua za mwanzo zimepungua, alipopiga ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Mara ya tatu mama yake alipokea, nyuma yake cherehani inakimbia na mtu anacheka. Firdausi alisema hali yake si nzuri, Twalibu amekuwa mkimya siku hizi, wanakula meza moja kama abiria, na yeye hajui waanzie wapi.

"Mwanangu," Bi Mwanaheri alisema, "hilo usiniambie mimi. Mwambie yeye. Mimi wangu ameshavua kofia, anasubiri chakula." Akakata.

Firdausi aliiweka simu mezani. Kisha akafunga duka kabla ya wakati, akatembea hadi ghala la maharage, ambako Twalibu alikuwa amekaa peke yake juu ya gunia anaangalia mlangoni. Alishangaa kumwona. Akauliza kama kuna habari mbaya Kasulu.

"Hakuna," Firdausi alisema. "Nimekuja kuongea na wewe."

Twalibu alijisogeza, akampa nusu ya gunia. Wakakaa. Kila mmoja alitafuta la kusema akalikosa, na hapakuwa na kitu cha kuwasaidia. Baadaye kidogo Twalibu alisema naona mvua imeamua kutuacha mapema mwaka huu. Firdausi akasema naona hivyo. Wakaanzia hapo.